Anataga au Ni Mgonjwa? Namna ya Kusoma Tabia za Sikilidi Wadogo katika Tangi

Samaki anayeshinda ndani ya pango siku ya tatu sasa, asiyekuja kula, aliyebadilika rangi na anayemrukia kila anayesogea karibu, huenda ni mgonjwa mahututi, au huenda ni mama aliyebandika mayai kwenye dari la pango hilo. Dalili nyingi zinazotajwa katika maelezo ya magonjwa ya samaki wa mapambo, yaani kujificha, kukosa hamu ya chakula, kuvimba tumbo, kutetemeka na kupoteza rangi ya kawaida, ndizo hizo hizo zinazoonekana kwa sikilidi wadogo, samaki wa jamii moja na ngege, wanapojiandaa kutaga au wanapoatamia. Mfugaji asiyejua kutofautisha humwaga dawa, hupindua pango ili amkague samaki, na mwishowe hupoteza mayai na wakati mwingine mama pia. Kuna kosa la upande wa pili ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi kwa sababu huendelea kimyakimya: mtu anasubiri vifaranga kwa furaha wiki nzima huku samaki wake akiliwa na minyoo kutoka ndani.

Sikilidi si wageni kwa msomaji wa Kisumu, Homa Bay au Busia. Ngege ni sikilidi, na fulu wanaoanikwa juani kando ya ziwa ni sikilidi pia. Wadogo ninaowazungumzia hapa ni wale wasiozidi sentimita kumi hivi, wanaofugwa ndani ya nyumba. Wanaopatikana zaidi ni ramirezi, yaani Mikrogeophagus ramirezi, ambaye kwao ni nyanda za mto Orinoco huko Venezuela na Kolombia. Apistograma, hasa Apistogramma cacatuoides wa bonde la Amazon. Na kribensi, Pelvicachromis pulcher, wa Nigeria na Kamerun. Wa nne ni wa kwetu kabisa, Pseudocrenilabrus multicolor, anayeishi katika vinamasi vya mafunjo kandokando ya Ziwa Victoria. Huyu nitamrudia, kwa kuwa ndiye anayewahangaisha watu kuliko wote.

Kanuni ninayoitegemea ni moja, na mengine yote katika mwongozo huu ni matawi yake. Tabia ya kuzaa ina mahali na ina mlengwa: samaki anatetemeka mbele ya mwenzake, anasafisha jiwe fulani, analinda pango fulani, anamfukuza anayevuka mpaka fulani. Ugonjwa hauna mahali wala mlengwa. Samaki mgonjwa hutetemeka mbele ya ukuta mtupu, hujisugua kwenye chochote kilicho karibu, na hujificha popote patakapomficha, leo nyuma ya kichungi na kesho chini ya jani. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni tabia hiyo inaelekezwa wapi na kwa nani, na jina la ugonjwa lingoje.

Maji kwanza

Kabla ya kumsoma samaki mmoja, ondoa uwezekano kwamba tangi zima lina shida. Pima amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, kwa kipimo cha matone; katika tangi lililokomaa, yaani ambalo bakteria wa kichungi wameshakaa, zote mbili zinapaswa kuwa sifuri. Soma kipimajoto, na usitegemee namba iliyoandikwa kwenye hita. Kisha waangalie samaki wengine wote. Tabia ya kuzaa huwahusu wawili, jike na dume wake, ilhali maji mabaya huwagusa wote, hata kama dhaifu ndiye anayeanza kuonyesha.

Mahali unapoishi pana usemi katika jambo hili. Maji ya mfereji ya Kisumu hutiwa klorini, na mtu akijaza tangi moja kwa moja kutoka kwenye bomba, samaki wanaweza kuanza kuhema, kurukaruka na kujisugua muda mfupi baadaye. Asiyejua huhesabu kujisugua huko kuwa ni kusafisha mahali pa kutagia. Maji hayo yaache kwenye ndoo wazi yenye pampu ya hewa kwa muda wa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Nakuru tatizo ni jingine: maji mengi ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya juu, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu ya amonia iliyo na sumu kali inavyoongezeka, hivi kwamba kiasi cha amonia ambacho kisingemtikisa samaki katika maji laini kinaweza kumuunguza matamvua huko. Wengi wamekimbilia maji ya mvua, na ramirezi na apistograma huyapenda kwa kuwa ni laini, lakini hayana madini ya kuzuia pH isiporomoke. Yachanganye na maji ya bomba yaliyotulizwa badala ya kuyatumia peke yake, na umwage yale ya mwanzo yaliyoosha vumbi la mabati.

Halafu kuna baridi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na stima ikipotea usiku wa Julai tangi dogo hupoa haraka. Ramirezi anataka nyuzi 27 hadi 30. Akishuka chini ya 24 anafifia au anakuwa mweusimweusi, anabana mapezi na kuingia kona. Ukimkuta hivyo asubuhi, usiseme anatafuta mahali pa kutagia. Pandisha joto polepole na umwangalie tena jioni.

Jinsi ya kumtazama

Samaki anayetazamwa na mtu aliyesimama kioo kwa kioo hatendi mambo yake ya kawaida. Kaa chini, umbali wa hatua mbili hivi, taa ya chumba ikiwa imefifia na ya tangi ikiwaka, wala usimlishe kwanza. Dakika ishirini zinatosha kwa mara moja, na asubuhi ni saa nzuri kwa sababu pilikapilika za mchana hazijaanza. Kama huna subira, egemeza simu mbele ya tangi irekodi, kisha utazame baadaye. Mara nyingi simu huona yale ambayo samaki aliyaficha ulipokuwepo.

Wakati huo hesabu pumzi. Angalia kifuniko cha matamvua kikifunguka na kufunga kwa sekunde 15, zidisha kwa nne, halafu ulinganishe na samaki mwingine wa aina hiyo hiyo katika tangi hilo, au na hesabu yake mwenyewe uliyoiandika siku alipokuwa mzima. Sitoi namba ya kawaida, kwa sababu joto, ukubwa na aina ya samaki huibadilisha. La muhimu ni mwenendo: samaki aliyetoka kufukuza jirani huhema, lakini dakika chache baadaye hutulia. Anayehema vilevile akiwa amesimama bila kufanya lolote, na hasa anayepumulia shavu moja tu, ana tatizo la matamvua hata kama anamchumbia mwenzake. Pumzi ndiyo shahidi ninayemwamini kuliko rangi.

Dalili zinazofanana

Tuanze na kutetemeka. Dume wa kribensi au ramirezi anapomchumbia jike husogea mbele yake au ubavuni mwake, hutandaza mapezi yote, hutikisa mwili kwa mpigo mfupi wa haraka, kisha huacha na kuelekea mahali anapotaka jike amfuate. Jike wa kribensi ndiye mara nyingi anayeanza: huukunja mwili wake ili tumbo lake jekundu lionekane, kisha hutetemeka mbele ya dume. Tazama kwamba kuna mwanzo, kuna mwisho na kuna anayetazamwa. Samaki aliyepigwa na baridi au aliyeingizwa ghafla katika maji yenye madini tofauti hutikisa mwili mzima kushoto na kulia akiwa papo hapo, mapezi yakiwa yamebanwa, bila mpigo kukatika na bila kujali kama kuna mwenzake karibu.

Kusugua na kudonoa hutofautishwa na sehemu ya mwili inayotumika. Anayesafisha mahali pa kutagia hutumia mdomo: hudonoa jiwe lile lile, sentimita kwa sentimita, hutema uchafu kando na kurudi. Mwenye vimelea hutumia ubavu au shavu: hujirusha kwenye jiwe, mchanga au bomba la kichungi, hung'aa ghafla na kuondoka. Kujisugua mara moja moja si neno. Kukirudiwa mara nyingi ndani ya dakika hizo ishirini, chunguza ngozi kwa tochi kutoka ubavuni. Vidoa vyeupe vidogo vinavyofanana na punje za chumvi juu ya mapezi na mwili ni ugonjwa wa madoa meupe. Sikilidi hawa hawaoti vipele vya msimu wa kuzaa, kwa hiyo usijifariji kwa hilo kama wafanyavyo wafugaji wa aina nyingine za samaki.

Kuchimba mchanga kusikutie wasiwasi hata kidogo.

Tumbo lililovimba linahitaji kutazamwa kutoka juu na si ubavuni tu. Tumbo la mayai hujaa pande zote mbili kwa usawa, hujaa zaidi upande wa nyuma karibu na kinyeo, na magamba hulala sawasawa juu ya ngozi. Jike huyo anakula, tena anakula sana. Ukimtazama kutoka juu ukaona magamba yamesimama yakiacha nafasi kati yake, au macho yamejitokeza, hayo ni maji yaliyojaa ndani ya mwili, mara nyingi kutokana na figo kushindwa kazi, na matumaini ni madogo. Tumbo lililovimba upande mmoja, au lililovimba huku mgongo ukikonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa kuliko kiwiliwili, pia si mayai. Na kinyume chake, tumbo lililoingia ndani pamoja na kinyesi cheupe, chembamba na kirefu kinachoning'inia, mara nyingi huashiria vimelea vya utumbo, jambo la kawaida sana kwa ramirezi waliosafirishwa mbali. Jike aliyetoka kutaga pia huwa mwembamba ghafla, lakini kinyesi chake huwa cha kawaida na baada ya siku chache za kula hurudi.

Rangi hudanganya wengi, nami naona ni kwa sababu watu huuliza kama imebadilika badala ya kuuliza imebadilika kuwa nini. Rangi ya kuzaa huwa kali na yenye mipaka. Jike wa apistograma anayeatamia huwa wa manjano kabisa, mstari mrefu wa ubavuni humkatika na kubaki doa jeusi, mstari wa shavuni hukolea na ukingo wa mbele wa mapezi yake ya tumboni huwa mweusi. Jike yule yule akiwa ameonewa au anaumwa huwa wa kijivu, na ule mstari mweusi wa ubavuni hurudi mzima kutoka machoni hadi mkiani. Jike wa ramirezi hukoza wekundu wa tumbo, wa kribensi vilevile. Ugonjwa hufifisha au hufanya giza mwili mzima bila mpango, na mapezi hubanwa. Ukiona rangi kali na mapezi wazi, subiri. Ukiona rangi iliyozimika na mapezi yaliyobanwa, anza kutafuta ugonjwa, hata kama samaki yuko ndani ya pango.

Kinachochomoza chini ya tumbo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kosa hugharimu tangi zima. Karibu na wakati wa kutaga, kifereji cha kutagia huchomoza nyuma ya kinyeo. Kwa jike ni kifupi, kinene na butu. Kwa dume ni chembamba na kimechongoka kidogo. Rangi yake ni nyeupe au ya waridi hafifu, kiko kimoja tu, hakirefuki wala kufupika samaki anapogeuka, na baada ya mayai kutoka hupotea ndani ya siku chache. Mfugaji anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani ni utumbo uliotoka au ni mnyoo.

Mnyoo wenyewe, ule wa jenasi ya Camallanus, una sura yake. Chukua tochi ya simu, subiri samaki asimame kimya katikati ya maji, kisha umulike kutoka ubavuni ukielekea nyuma. Utaona nyuzi nyembamba za rangi nyekundu ya damu, mara nyingi mbili, tatu au zaidi, zikichomoza kwenye kinyeo chenyewe. Samaki akisogea kwa kasi nyuzi hizo hurudi ndani. Akitulia, hutoka tena polepole. Kifereji cha kutagia hakifanyi hivyo kamwe. Ukishaona mara moja hutasahau, na hutahitaji kuuliza tena.

Minyoo hii huzaa vijana hai, na ndani ya tangi inaweza kuambukiza kutoka samaki mmoja hadi mwingine, kwa hiyo aliyeonekana nayo si mgonjwa wa peke yake. Dawa inayotumika ni levamisole, na kipimo kinachojulikana cha kuogesha ni miligramu 2 kwa kila lita ya maji kwa saa 24, taa ikiwa imezimwa, kisha kunyonya uchafu wote wa sakafuni kwa mpira kwa sababu dawa hulegeza minyoo bila lazima kuiua, na kurudia baada ya wiki mbili au tatu. Katika maduka ya agroveti kuanzia Nakuru hadi Busia levamisole hupatikana kwa urahisi kwa ajili ya mbuzi, ng'ombe na kuku, ila soma lebo kwa makini: dawa nyingi za kunywesha mifugo zimechanganywa na dawa nyingine ya minyoo ya ini, na mchanganyiko huo usiutie katika tangi. Tafuta iliyo na levamisole peke yake, na upige hesabu ya maji yaliyomo kwa kuondoa mchanga na mawe.

Yule anayebeba mayai mdomoni

Sasa turudi kwa fulu wetu mdogo wa mafunjo. Jike wa Pseudocrenilabrus multicolor hutaga chini, huyakusanya mayai mdomoni mara moja na kuyabeba kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi. Katika kipindi hicho hali chakula, au anakula kidogo mno. Hujitenga katika mimea, husimama karibu bila kujongea, na kila baada ya muda taya lake hucheza kana kwamba anatafuna, kwa sababu anayageuza mayai ili yapate hewa. Mfugaji mgeni anaona samaki asiyekula, anayejificha, anayekonda na anayechezesha mdomo, na haraka anasema matamvua yameoza.

Mtazame koo. Ngozi ya chini ya taya imeshuka na kujaa, mdomo umefungwa kabisa au umeachwa wazi kidogo tu, na kule kutafuna huja kwa vipindi huku kukiwa na utulivu katikati. Mgonjwa wa matamvua huacha mdomo wazi muda wote, huhema bila kupumzika, vifuniko vya matamvua vikiwa vimeinuka, na hupanda kwenda juu ya maji au kwenye mapovu ya pampu. Tofauti nyingine ni chakula chenyewe. Dondosha chembe chache karibu na jike anayeatamia: atazitazama, pengine atazifuata kwa macho, hata atasogea, kisha ataziacha. Mgonjwa hazioni, au huzinyakua na kuzitema. Wiki ya kwanza ikipita, mwanga ukipita vizuri kutoka ubavuni, unaweza kuona vivuli vyeusi vya macho ya vifaranga kupitia ngozi ya koo.

Usimkamate kwa wavu ili uhakikishe. Akishtuka atayatema au kuyameza, na jike mchanga humeza hata bila kushtuliwa. Kama dume anamsumbua, mhamishe dume. Vifaranga wakishatoka, mama huwarudisha mdomoni kwa siku kadhaa zaidi usiku ukiingia au hatari ikitokea. Watu wamewahi kumnyang'anya watoto wake wakidhani anawala. Anayempata samaki huyu kutoka kinamasini na si kwa mfugaji amtenge kwanza wiki kadhaa, kwa kuwa samaki wa porini huja na vimelea vyake. Na kwa kuwa tumefika ziwani: samaki wa tangi aliyekuchosha, mzima au mgonjwa, asitupwe katika Ghuba ya Winam wala mto wowote unaoingia humo. Ziwa hili limeshaona vya kutosha tangu mbuta, yaani sangara, aletwe miaka ya 1950.

Siku zinazopita

Kalenda husaidia pale macho yanaposhindwa, kwa sababu kuatamia kuna ratiba na ugonjwa hauna. Mayai ya ramirezi, ambayo huyataga waziwazi juu ya jiwe bapa au ndani ya shimo la mchanga, huanguliwa baada ya siku mbili au tatu katika nyuzi 28, na vifaranga huanza kuogelea siku nne au tano baadaye. Apistograma na kribensi hutaga pangoni, na kuanzia siku jike alipojifungia mpaka siku atakapotoka akiongoza kundi la vifaranga ni kama wiki moja hadi siku kumi, kulingana na joto. Andika tarehe uliyoona kujificha kwa mara ya kwanza. Jike anayeatamia hutoka mara chache kwa siku, hunyakua chakula upesi, humfukuza samaki mmoja au wawili na kurudi ndani. Siku kumi na mbili zikipita bila kifaranga hata mmoja, na bado samaki hatoki, basi dhana ya mayai imekwisha. Lakini ikiwa alitoka siku ya tatu au ya nne akiwa na afya na rangi yake ya kawaida, huenda walikula mayai, jambo ambalo jozi changa hufanya mara nyingi katika mataga ya mwanzo. Mayai meupe ya kufifia, yenye utando wa pamba, ni yale yaliyokosa kurutubishwa, na wazazi wenyewe huyatoa.

Inapokuwa yote mawili

Inawezekana kabisa samaki akawa na mayai na akawa mgonjwa. Mvua za masika zinapoanza Kakamega na Kisii, watu hubadilisha maji kwa maji mapya ya mvua, laini na ya ubaridi kidogo. Badiliko hilo linaweza kuwachochea sikilidi wa Amazon kutaga, na hilo hilo linaweza kuwashusha nguvu wale waliokuwa na vimelea vilivyolala. Hapo amua kwa mpangilio huu: uhai wa wazazi uje kabla ya mayai, lakini dawa isije kabla ya uhakika.

Ugonjwa wa madoa meupe kwa ramirezi wanaolinda mayai unaweza kuanza kushughulikiwa kwa joto, kwa kupandisha polepole hadi nyuzi 30 huku pampu ya hewa ikiongezwa, maana maji ya moto hubeba hewa kidogo. Ramirezi huvumilia, fulu wa mafunjo na wengine walio katika tangi hilo huenda wasipende. Joto huharakisha mzunguko wa kimelea, na dawa yoyote utakayoongeza humuua kimelea anapoogelea tu, si akiwa chini ya ngozi, kwa hiyo usiache tiba siku vidoa vinapotoweka. Ila uwe na hakika ni vidoa. Kama unachoona ni bato jeupe au la kijivu mgongoni, midomo iliyonyauka au mapezi yanayoliwa kwa kasi, hao ni bakteria wa kolumnari, na joto huwapa nguvu.

Ikibidi kutibu tangi, okoa mayai kwanza. Jiwe au pango linaweza kuhamishwa likiwa chini ya maji: zamisha bakuli ndani ya tangi, ingiza jiwe humo bila kulitoa hewani, kisha peleka bakuli katika chombo kidogo chenye maji yale yale, hita na jiwe la hewa linalotoa mapovu kando ya mayai bila kuyapiga. Matone machache ya bluu ya methilini humo huzuia ukungu, lakini yasimwagwe katika tangi kuu kwa kuwa yanaweza kudhuru bakteria wa kichungi. Ukishindwa kuyahamisha, kubali hasara hiyo na utibu wazazi, watataga tena.

Linalosahaulika ni mgonjwa anayetengenezwa na kuzaa kwenyewe. Jike wa apistograma akishapata mayai, humwondoa hata baba yao, na katika tangi la sentimita sitini dume hana pa kwenda. Utamkuta kwenye kona ya juu, karibu na hita, wima kidogo, amepauka, mapezi yamechanika, wala hali chakula. Kila dalili yake ni ya ugonjwa, ilhali ukimtazama jike utaona kila safari ya dume kushuka chini inakatizwa. Huyu hahitaji dawa. Mtoe, muweke katika chombo chenye maji safi ya joto lile lile na kitu cha kujificha, na umkague kila siku kama kuna utando mweupe wa pamba kwenye vidonda, kwani hapo ndipo ukungu huingia. Akianza kula na mapezi kufunguka, mwache huko mpaka vifaranga wafike wiki tatu hivi, kisha panga upya mawe na mapango kabla ya kumrudisha, ili jike akute mipaka yake imevurugika na wote wawili waanze kuigawana upya.